Mdogo wangu Msabato na ugonjwa unaoitwa wa Wahindi

Ndugu Mhariri,

Huku kwetu Same yapo maneno mawili ambayo watu huyasema bila kusita. La kwanza, kwamba shtuko la moyo ni ugonjwa wa Wahindi. La pili, kwamba sisi Wasabato halitupati. La kwanza nimelisikia tangu utoto, siku mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alipoanguka nyuma ya kaunta yake. La pili nimelifundisha mwenyewe kanisani, kwa miaka zaidi ya kumi, nikiwa muuguzi na kiongozi wa idara ya afya na kiasi.

Mwaka jana mdogo wangu alibanwa kifua Sabato mchana, baada ya chakula. Ana miaka 54, ni mzee wa kanisa, mwembamba, hajaonja pombe wala sigara maisha yake yote. Alikwenda zahanati. Wakamuuliza kama anavuta, kama anakunywa. Akajibu kwamba yeye ni Msabato. Aliyemhudumia akamwambia, "Basi mzee, habari ya moyo tuiache, hivi ni vidonda vya tumbo." Akarudi nyumbani na omeprazoli na chupa ya dawa nyeupe ya maji. Hata presha hakupimwa.

Nilifika kwake Jumapili asubuhi. Nilimkuta kitandani ameegemea ukuta, kiganja kizima kimelala katikati ya kifua. Miaka 31 ya kazi imenifundisha kuutazama mkono wa mgonjwa. Mwenye vidonda vya tumbo mara nyingi hukuonyesha kwa kidole, "hapa". Mwenye ugonjwa wa moyo mara nyingi hufunika kifua kwa kiganja, au hukunja ngumi juu yake. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono wa kushoto alisema ni mzito, uzito unapanda mpaka kwenye taya. "Dada, ni kiungulia tu," akaniambia. Presha yake ilisoma 178 kwa 104. Hospitali ya rufaa walipompima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, walikuta sehemu ya msuli wa moyo imeshakufa. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini kile kilima cha kutoka barabarani mpaka nyumbani kwake, alichokuwa akikipanda na gunia la mahindi begani, sasa anapumzika mara nne kabla hajafika mlangoni.

Sisemi kwamba maneno yale yalizuka hewani. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones waliandika walichokiona Kampala: ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba ulikuwa karibu haupo kabisa kwa Waafrika wa Uganda, ilhali kwa Wahindi ulikuwa tatizo kubwa. Lehemu, yaani kolesteroli, katika damu ya Waafrika ilikuwa chini. Sasa tazama sahani zao za wakati ule. Mwafrika alikula matoke, viazi vitamu, mihogo na mboga, mafuta kidogo sana, na safari zake ni za miguu. Majirani zetu Wamaasai nao walipimwa miaka ya 1960 na daktari Mmarekani, George Mann. Wanakula maziwa na nyama, na bado lehemu ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Wanaume wale walikuwa wakitembea na ng'ombe kutwa nzima.

Na sisi Wasabato? Utafiti wa California uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mwanaume Msabato mzungu alikuwa akiishi miaka 7.3 zaidi ya wazungu wenzake wa jimbo hilo, na mwanamke miaka 4.4. Hiyo 7.3 niliiandika ubaoni kwa chaki, watu wakaitikia Amina. Lililofuata sikulitilia mkazo, na hilo linaniuma mpaka leo. Wasabato wale wale walikuwa wakipishana wenyewe kwa wenyewe. Waliokula karanga, lozi na jamii yake zaidi ya mara nne kwa wiki walipata shtuko la moyo karibu nusu tu ya wale waliokula chini ya mara moja. Wote walikuwa washiriki wa kanisa moja.

Sasa njoo kwenye chakula chetu cha pamoja cha Sabato. Wali unang'aa kwa mafuta, chapati, viazi vya kukaanga, kachumbari imelowa chumvi, kreti za soda chini ya meza. Marehemu mama yetu alipika makande ya mahindi na maharage na chumvi ya kubana kwa vidole. Siku hizi makande hayohayo yanaungwa kwa kikombe kizima cha mafuta ya dumu. Wazee wetu waliopokea ujumbe wa Kisabato Upare tangu 1903 walipanda na kushuka milima kwa miguu kwenda ibadani. Sisi tunapanda bodaboda, hata vijana. Karanga zinauzwa pale stendi kwa bei ya soda, na tunanunua soda.

Kuhusu Wahindi, ni kweli hatari yao ni kubwa. Uchunguzi ulioitwa INTERHEART, wa nchi 52, uliotolewa mwaka 2004, uliwaona watu wa Asia Kusini wakipata shtuko la kwanza karibu miaka 6 mapema kuliko wengine. Ila sababu zilikuwa zilezile za kila mahali: sigara, lehemu, presha, sukari, kitambi, msongo wa mawazo, mboga na matunda kidogo, kukaa tu. Kwa hiyo Mhindi wa miaka 45 mwenye kifua kinachobana akimbizwe hospitali haraka zaidi. Kabila na dini viulizwe kwa ajili ya kumwahisha mgonjwa. Visitumike kumrudisha mtu nyumbani, kama alivyorudishwa mdogo wangu.

Naomba ukurasa wako wa afya uache kuuita huu ugonjwa wa Wahindi, au wa matajiri. Na wenzangu wa zahanati nawaomba hivi: mtu mzima akija ameshika kifua, mpime presha kabla hujamuuliza anasali wapi, na kama mashine ya ECG huna, mwandikie rufaa siku hiyohiyo.

Sabato ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, tutaweka mashine mbili za presha, kipimo cha sukari na futi ya fundi cherehani ya kupimia viuno, mezani pale pale panapokaa chakula. Majirani zetu wa msikitini na wa Kilutheri tumeshawaalika. Makande nitapika mimi.

Muuguzi mstaafu,
Same, Kilimanjaro