Zabuni za mita za maji zidai itifaki zilizo wazi

Mhariri,

Mita za maji zinazotuma usomaji zenyewe kwa redio zimeanza kuingia mijini mwetu, nami naliunga mkono jambo hilo. Hata hivyo, naomba nafasi katika gazeti lako nieleze sharti moja linalostahili kuandikwa katika kila zabuni: mita hizo ziwasiliane kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) za intaneti zilizo wazi, si kwa mfumo wa siri wa kiwanda kimoja.

Husemwa kwamba kifaa kinachotegemea betri ndogo kwa miaka mingi hakiwezi kuimudu intaneti. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake zamani. Redio za kiwango cha IEEE 802.15.4, kinachohusu vifaa vinavyotumia umeme kidogo, zilibuniwa kutuma fremu (fungu moja la data linalorushwa hewani) isiyozidi baiti 127, ilhali IPv6, itifaki ya anwani za intaneti, hudai njia inayopitisha pakiti (kifurushi cha data) ya baiti 1,280. Ukiondoa anwani za fremu na ulinzi wake, huenda zikabaki baiti 81 tu. Kichwa cha IPv6, yaani maelezo yanayotangulia data, huchukua 40, cha UDP, itifaki nyepesi ya kusafirisha data, 8, na usomaji wa mita ukaachiwa 33. Kila baiti inayorushwa hewani hula betri. Ndiyo maana wahandisi wa IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, walitunga 6LoWPAN mwaka 2007 na kuiboresha mwaka 2011. Itifaki hiyo hukata pakiti kubwa vipande vipande, na haitumi jambo ambalo mpokeaji anaweza kulitambua mwenyewe, kwa kuwa urefu wa pakiti hujulikana kutokana na fremu, na anwani ya intaneti huweza kujengwa kutokana na ile ya redio. Kichwa cha baiti 40 huweza kushuka hadi 2 kati ya vifaa viwili vilivyo jirani, au 7 pakiti inapopitia vifaa kadhaa. Baadaye zilifuata RPL ya kutafuta njia, CoAP ya kubadilishana taarifa na, mwaka 2020, SCHC ya kubana vichwa hivyo kwa mitandao ya redio ya masafa marefu kama LoRaWAN. Zote zimechapishwa, na yeyote anaweza kuzisoma bila malipo.

Katika umeme tumekwishaona faida ya kiwango cha pamoja. Namba 20 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, hufuata kiwango cha kimataifa cha STS, hivyo mita za viwanda mbalimbali huhudumiwa na mfumo mmoja wa mauzo. Mita za maji zikifungwa kwa lugha ya kiwanda kimoja, siku kiwanda hicho kitakapopandisha bei au kufunga milango, mamlaka itabaki na maelfu ya vifaa visivyoweza kuongea na vipya, na gharama ya kuving'oa itaishia kwenye bili ya mwananchi.

Wapo wanaohofia kwamba uwazi utawarahisishia wezi. Usalama wa mitandao hii hautegemei kuficha itifaki. Unategemea funguo za usimbaji (siri zinazofunga na kufungua ujumbe), na hizo ndizo za kulindwa.

Naziomba EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na TBS, shirika la viwango, zikae pamoja na mamlaka za maji na kuandaa vipengele vya kuingizwa katika mikataba: funguo zikabidhiwe mamlaka, na kabla ya malipo ya mwisho, mita ya kiwanda kingine ifungwe kwenye mtandao huohuo na usomaji wake ufike ofisini.

Mhandisi wa mawasiliano,
Morogoro