Makonyo yaliyotuletea mashine

Kisiwa Panza, Pemba

Shoga yangu Time,

Asalaam alaykum. Huku sote wazima, ila kaskazi imetukaza kwa joto. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mjomba. Umeniuliza tulifanyaje hata ikapatikana mashine ya boti ya wagonjwa, nawe unataka kuchangisha mabati ya madrasa hapo Fuoni. Nitakwambia, lakini usidhani tulikuwa na akili nyingi. Mara ya mwanzo tulianguka vibaya.

Baada ya Idi tulipita nyumba kwa nyumba na bahasha, tunasema "changieni afya". Watu wakatutazama tu. Huyu mia tano, yule elfu, na wengine wakatuuliza zile pesa za kisima za miaka ile zilikwenda wapi. Mimi kwenye kisima sikuwemo, lakini maneno niliyala mimi. Tulichopata hakikutosha hata kununua plagi.

Wazo la makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, alilitoa mama mkwe. Unajua kisiwa chetu ni mawe; karafuu tunavuka bahari mpaka Chokocho kwenda kuchuma za wenyewe. Usiku mmoja tuko Mtambile kwa jamaa, tumekaa juu ya jamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo kule. Karafuu mwenyewe anazihesabu kwa pishi hata usingizini, makonyo yamemwagwa pembeni, kuku wanayachakura. Mama akasema, "Mwenye shamba ukimuomba karafuu atakununia. Muombeni makonyo." Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Asubuhi tukamuomba kweli, akatupa magunia mawili, hata hakuuliza ya nini.

Basi msimu mzima ndiyo ikawa kazi yetu, Mtambile, Kengeja, Mizingani. Kwa sheha tulikwenda kwanza atuandikie barua, maana wakati wa karafuu ukionekana barabarani na magunia utadhaniwa wa magendo. Tukaanika, tukapeleka ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, wao wana kile kiwanda cha Wawi kinachokamua mafuta ya makonyo. Bei yake na ya karafuu ni mbingu na ardhi, kwa hivyo usinione tajiri: fedha za makonyo hazikufika robo ya mashine.

Lakini Time, watu walituona. Wametuona na magunia kichwani, mikono imeparara, harufu ya karafuu haitutoki hata tukikoga mara tatu. Wale wale waliotununia na bahasha wakaanza kuuliza wenyewe, "Imebaki ngapi?" Nasi jibu tunalo, kwa sababu safari hii hatukusema afya. Tulisema mashine ya farasi 15, bei yake hii, tumekwisha pata hizi.

Daftari lilitaka kutugombanisha. Wengine walitaka majina yasomwe msikitini baada ya Ijumaa, maalim akakataa, akasema mnawatia watu riya, watoe ili waonekane, na aliyetoa mia tano mtamfedhehesha. Tukakubaliana kila mtoaji apewe namba, na ukutani ibandikwe karatasi yenye namba na kiasi tu. Ikawa kila Ijumaa wanaume wanasukumana kutafuta namba zao, utadhani matokeo ya mtihani! Mtoto wa jirani akaipiga picha karatasi ile akawapelekea jamaa wa Muscat. Wiki ile simu yangu haikunyamaza kwa pesa zinazoingia, na kila ikilia nilikimbilia kwa mshika daftari kabla shetani hajanizungumza.

Sasa kosa letu, nawe lishike. Tulichangia mashine, tukasahau mafuta. Boti imefika, watu wamepiga vigelegele, siku ya tatu usiku mke wa mvuvi kashikwa na uchungu, tangi kavu. Tulizunguka na dumu kuomba petroli kwa wavuvi. Alivuka, gari ikamchukua Chokocho mpaka hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, akajifungua salama mtoto wa kike. Lakini mimi miguu ilinitetemeka mpaka alfajiri. Sasa wazima wanalipa nauli, mgonjwa anavuka bure kwa fedha hiyo. Na wewe usihesabu mabati peke yake. Hesabu misumari, mbao, na chai ya mafundi.

Uliza hapo Fuoni kitu gani watu wanakitupa. Makonyo hamna, lakini hamkosi kitu.

Wasalimie watoto. Ukija, angalia bamvu, zile siku za maji makubwa, maji yakitoka boti haifiki ufukweni na utatembea kwenye matope na hayo mabaibui yako ya mjini. Na nauli utalipa, shoga.

Wako,
Mize