Wapagazi wa Askofu Hannington nao wasimuliwe Namirembe

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi niseme na wazazi na walezi wanaopanga kuwapeleka watoto Kampala likizo hii ya Krismasi. Wengi wetu tukifika mjini huishia kwenye maduka makubwa. Watoto wanapanda ngazi za umeme, wanakula chipsi, jioni tunawarudisha nyumbani wamechoka. Naomba safari hii mpande kilima cha Namirembe, mwingie katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, halafu mtoke nje mkasimame makaburini. Na mkiwa pale, pamoja na habari za maaskofu na wamisionari, muwasimulie watoto habari za wapagazi, wale wachukuzi wa mizigo, waliouawa huku Busoga mwaka 1885 pamoja na mmisionari Mwingereza, Askofu James Hannington.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Walukuba, Jinja, katika nyumba za wafanyakazi wa viwandani, ambako Msoga, Mjaluo, Mteso na Mlugbara walikuwa jirani mlango kwa mlango na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha bombani na msibani. Kwetu huku mara nyingi nasikia watu wakisema Namirembe ni kanisa la Waganda na Wazungu, sisi wengine tuna nini nalo? Sikubaliani nao hata kidogo, na ndiyo maana nawapeleka wajukuu zangu.

Jengo lenyewe linatosha kumfanya mtoto anyamaze. Ni la matofali mekundu, lina kuba kubwa unayoiona ukiwa bado mbali, na ndani matao yake yanakufanya uinue shingo. Waambieni watoto kwamba hili si kanisa la kwanza hapo. Makanisa ya awali yalijengwa kwa miti na matete, na mojawapo liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Likafuata la matofali, lililokamilika 1904, ambalo waumini wenyewe walilibebea udongo na matofali vichwani, lakini paa lake lilikuwa la nyasi. Mwaka 1910 radi ikalipiga, likaungua. Hili tunaloliona lilianza kujengwa 1915, likawekwa wakfu 1919. Watu waliounguliwa na kanisa walilolijenga kwa shingo zao, wakaanza tena wakati dunia iko vitani! Mtoto wa shule ya msingi analielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Sasa makaburini. Hannington alikuwa askofu wa kwanza wa eneo lililoitwa Afrika Mashariki ya Ikweta. Julai 1885 aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, na wapagazi kama mia mbili, akapita nchi ya Wamasai, akafika Kwa Sundu, ambako leo ndiko Mumias. Pale akaliacha kundi kubwa chini ya kasisi Mwafrika, William Jones, aliyekuwa mtumwa aliyekombolewa na ambaye Hannington mwenyewe alimpa ushemasi mwaka huohuo. Yeye akaendelea na watu kama hamsini kuja huku kwetu Busoga. Chifu Luba akawakamata. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa kijana aliyekalia kiti mwaka mmoja tu, tena mwenye hofu: Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi upande wa pwani, na Waganda waliamini kwamba atakayeimeza nchi yao atatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Amri ikaja kutoka Mengo, makao ya Kabaka. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu akauawa, na wapagazi wake wakauawa naye, isipokuwa wachache mno waliofanikiwa kutoroka.

Askofu aliacha shajara. Iliokolewa, ikachapishwa, na kwa hiyo tunajua homa ilivyomtesa, kibanda walichomfungia kilikuwaje, na zaburi alizozisoma. Wapagazi hawakuacha shajara. Walikuwa watu wa pwani na wengine waliotoka utumwani, waliobeba vitambaa, shanga, mahema na masanduku ya mtu mwingine kutoka baharini hadi karibu na Mto Nile, na walikufa ugenini kwa ugomvi usiowahusu. Nikisoma habari hii sijali sana kama mpagazi fulani alikuwa Mkristo, Mwislamu au hakuwa na dini. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mama fulani aliyemngoja arudi.

Jones naye aliporudi na waliosalia, walitembea miezi mizima hadi Rabai wakiwa wamedhoofika, nguo zimewaishia mwilini. Waliingia mwezi wa Februari 1886 wakitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno moja lililoandikwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Samweli wa Kwanza wanalijua jina hilo la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, utukufu ulipoondoka Israeli. Na wanawake wa Rabai waliokuja kuwapokea, nawafikiria wakihesabu nyuso.

Mifupa ya askofu ilikaa Mumias kwa muda, kisha Askofu Alfred Tucker akaja nayo Mengo, na ikazikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Ndiyo maana nasema likizo ya Krismasi ni wakati wake hasa.

Desemba moja nilikuwa hapo na wajukuu. Mzee mmoja mpole alikuwa akiwaeleza wageni kwa Kiingereza na Kiganda. Kando yake alisimama mama wa makamo kutoka Bungoma, Kenya, amejifunga leso, aliyekuja kumtembelea mwanawe kwa sikukuu. Kila mzee alipomaliza sentensi, mama alimgeukia mwanawe, na mwanawe, aliyekuwa akipiga picha, alimjibu kwa neno moja au mawili. Nikamwambia, "Mama, karibu huku kivulini, nikuelezee mimi." Nikaanza toka Rabai. Nilipofika Mumias akanishika mkono: "Mumias hii yetu ya miwa?" Nikamwambia ndiyo hiyohiyo. Akamwita mwanawe kwa sauti aweke simu mfukoni aje asikilize, na wajukuu zangu nao wakasogea. Kwa robo saa tulikuwa Waganda, Wakenya na Wasoga tunaosikiliza habari moja kwa lugha moja, na hakuna aliyehitaji kubahatisha maana.

Isitoshe, Kiswahili si mgeni mlimani pale. Msafiri Henry Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, alimwacha kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, Dallington Maftaa, na ni kijana huyo aliyekuwa akimsomea Kabaka Maandiko kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana walipoingia tarehe 30 Juni 1877, Maftaa ndiye aliyewafasiria barua yao mbele ya Mutesa. Mmisionari Alexander Mackay, ambaye naye amezikwa Namirembe baada ya mabaki yake kuletwa mwaka 1927 kutoka Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, alifundisha wasomaji wake wa kwanza kwa Injili za Kiswahili zilizotoka Zanzibar kabla ya Kiganda kuwa na vitabu vyake. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika 1896. Kwa hiyo anayesema kwamba Mswahili hana fungu katika kanisa lile, amekata hadithi katikati.

Msiondoke bila kuwaonyesha watoto mahali pengine karibu na kaburi la Hannington. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, kaburi lake lilichimbwa hapo. Serikali ikakataa kuutoa mwili, ikaupeleka kwao Mucwini, Kitgum, uzikwe huko. Watu walikusanyika Namirembe hata hivyo, wakasimama kando ya kaburi tupu, na askofu mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Mimi nayakumbuka majira yale, tulivyokuwa tukinong'ona hata ndani ya nyumba zetu. Siku ya 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa, lakini watoto wengi wanajua tu kwamba siku hiyo hakuna shule.

Ombi langu lina pande mbili. La kwanza ni kwa vijana wanaosomea ualimu wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Makerere, Kyambogo na kwingineko. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, nanyi mnalalamika kwamba watu hawajakizoea. Haya, Desemba ndiyo hii. Jengeni urafiki na viongozi wa kanisa, ombeni ruhusa, jigawieni zamu, muwapokee wageni kwa Kiswahili kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya. Wageni kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaokuja Kampala kwa sikukuu ni wengi, na wengi wao Kiingereza chao ni cha kuombea maji tu. Someni vizuri kwanza, msije mkawauzia watu porojo. Mkimaliza Namirembe, kilima cha Rubaga, chenye kanisa kuu la Kikatoliki, kiko ng'ambo tu, nacho kina habari zake.

La pili ni kwa wasomaji wa gazeti hili walioko Mumias, Rabai, Mombasa na hapa Busoga. Huenda katika ukoo wenu kuna mzee aliyerithi masimulizi ya misafara ile: babu aliyekwenda bara na askofu asirudi, au mpagazi aliyetoroka mikononi mwa watu wa Luba akafichwa na mama fulani wa Kisoga. Andikeni mliyosikia, hata kama ni jina moja tu na kijiji alichotoka. Mhariri akikubali kuyachapa, mimi nitayakata na kuyahifadhi, na Krismasi ijayo nitayasoma kwa sauti makaburini Namirembe mbele ya wajukuu zangu na mgeni yeyote atakayependa kusikiliza.

Mwalimu mstaafu,
Walukuba, Jinja