Mtahiniwa wa umwagiliaji aanze na usalama wa maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni ya ukandarasi wa umwagiliaji wa bustani za nyasi. Wengi hupeana karatasi za maswali ya zamani na kukariri majibu, na sehemu inayohusu maji kurudi nyuma huiacha iwe ya mwisho, ilhali ni miongoni mwa sababu kuu za kazi hii kuhitaji leseni.

Kinyunyizio hukaa ardhini, penye mbolea, dawa za wadudu na kinyesi cha wanyama. Bomba kuu likipasuka, au wazima moto wakivuta maji mengi kwa mkupuo, presha ya mtaa mzima hushuka, na uchafu huo unaweza kufyonzwa hadi kwenye maji ambayo familia inakunywa. Anayeelewa hivyo halazimiki kukariri kwa nini kifaa cha kuzuia mfyonzo kwa kuingiza hewa hufungwa juu kuliko kinyunyizio kilichoinuka kuliko vyote. Atajua mwenyewe kwamba kikiwekwa chini, maji ya upande wa juu yatakishinda.

Hesabu nazo zataka kueleweka. Lita 1 ikienea kwenye mita 1 ya mraba hufanya kina cha milimita 1. Kwa hiyo eneo la mita za mraba 120 likipokea lita 40 kwa dakika, hupata milimita 20 kwa saa, kiasi ambacho udongo wa mfinyanzi kwa kawaida hauwezi kukimeza, na maji yatatiririka barabarani isipokuwa muda ugawanywe katika vipindi vifupi vyenye mapumziko. Vilevile, presha inayosomwa bomba zote zikiwa zimefungwa siyo itakayofika kwenye kinyunyizio cha mwisho, kwa kuwa msuguano ndani ya mabomba huipunguza, na kila mita 10 za mwinuko hula karibu baa 1 (baa ni kipimo cha presha).

Nawasihi wakufunzi wawatoe wanafunzi darasani, wawape geji ya presha, wapange makopo kwenye nyasi, wafungulie maji na kupima kila kopo limepata kiasi gani. Kopo la pembeni likiwa karibu tupu na la katikati limejaa, wakae hapo hapo watafute chanzo kabla ya kurudi kwenye vitabu.

Wako,
Mkandarasi wa umwagiliaji