Mpiga mbizi hawezi kupanda juu tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wapiga mbizi wanaotengeneza mabomba ya mafuta na gesi chini ya bahari niliisoma hadi mwisho, na nawashukuru kwa kuwakumbuka watu hawa. Lakini sentensi moja imenikaa kooni: kwamba likitokea la kutokea, mpiga mbizi hupanda juu. Hawezi. Na kwa kuwa hawezi, ile meli mliyoitaja mara moja tu, kama chombo kilichombeba, ndiyo uhai wake.

Kwa miaka mingi nimesimamia vyumba vya presha katika meli hizo. Wapiga mbizi wa kina kirefu hufungiwa humo, ndani ya chuma, hata siku 28 mfululizo, presha ikiwa sawa na ya kule chini wanakofanyia kazi, wakivuta mchanganyiko wa heliamu na oksijeni. Hushushwa kazini kwa kengele, yaani chumba kidogo cha presha kinachoning'inizwa kutoka melini, na kurudishwa kwa kengele hiyo hiyo, na muda wote huo presha haipunguzwi. Nilikuwa nao hatua chache tu, nikiwaona kwa kamera, nikizisikia sauti zao zilizofanywa nyembamba na heliamu. Kabla ya kuwapitishia chupa ya maji kwenye kile kitundu cha ukutani, nililegeza kwanza kifuniko. Ukisahau, chupa inawafikia imebonyea kama iliyokanyagwa. Miili yao imeshazoea presha hiyo. Kumtoa mtu aliyekaa kwenye presha ya kina cha mita 100, kwa kuipunguza polepole, huchukua siku nne hadi tano. Mwaka 1983, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Byford Dolphin, presha ya vyumba vya wapiga mbizi ilifyatuka ghafla. Watu 5 walikufa.

Ndiyo maana meli lazima itulie pale pale ilipo. Kompyuta husoma mahali ilipo na kuyaamuru mapangaboi yaisukume huku na huku, yashindane na upepo na mkondo. Tarehe 18 Septemba 2012, katika Bahari ya Kaskazini, mfumo huo ulishindwa kwenye meli ya Bibby Topaz, ikachukuliwa na bahari huku watu wawili wako kina cha mita 90 hivi. Mmoja aliiwahi kengele. Mpira wa yule wa pili, Chris Lemons, uliomletea gesi ya kuvuta, maji ya moto na mawasiliano, ulinasa kwenye chuma ukakatika. Mgongoni alikuwa na gesi ya dakika chache tu. Ilipita zaidi ya nusu saa kabla mwenzake hajamfikia na kumbeba hadi kwenye kengele. Alipona, na mpaka leo nikilifikiria tukio hilo mikono hunitoka jasho.

Je, meli ikishika moto? Boti za kawaida haziwafai waliomo vyumbani. Wao huhitaji boti ya kuokolea yenye chumba chake cha presha, wanayoingia kwa kutambaa bila kugusa hewa ya nje. Boti hiyo hutakiwa kuwaweka hai kwa saa 72. Hizo ni siku tatu, na kuwatoa huchukua nne au tano. Basi ni lazima ifikishwe haraka mahali penye vyumba vya kuunganishwa nayo, ili kazi ya kuwatoa imaliziwe huko.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha kabla ya safari ambapo boti ilikaguliwa vizuri, kuanzia injini hadi mikanda ya viti. Nilipouliza itapelekwa wapi, nikajibiwa kwamba hilo litaamuliwa likitokea. Likitokea, Mhariri, watu watakuwa wamefungwa ndani, wanatapika kwa mawimbi, na saa zao zinahesabika.

Naomba wanaokodi meli hizi wasikubali mtu yeyote aingizwe kwenye presha kabla mahali pa kuipokea boti hapajatajwa kwa jina, mlango wake ukajaribiwa na boti ile ile, na saa za safari zikahesabiwa katika bahari iliyochafuka. Na mwandishi wenu akipanda tena meli ya namna hiyo, amuulize msimamizi wa presha swali hilo, kisha aandike alichojibiwa.

Msimamizi mstaafu wa vyumba vya presha