Mabeki nao waandikwe, mmemsahau Reggie White

Mhariri, salaam kwako na wenzako wote hapo gazetini. Mimi ni Mtanzania, naishi Green Bay, jimbo la Wisconsin huku Marekani, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila nikitoka shifti ya usiku. Juzi mlitoa makala ya wakali wa mpira wa Kimarekani, nikafurahi sana kuiona kwa Kiswahili, ila nimeshuka nayo mpaka chini naona makwotabeki tu, yaani wale watupa pasi, na wale wanaodaka pasi, upande wa ulinzi hakuna hata mmoja. Imeniuma, maana mji huu ninaokaa kuna beki ambaye wazee wakianza kumtaja hata chai inapoa mezani.

Reggie White. Kazaliwa 1961 Chattanooga, Tennessee, akiwa na miaka 17 tu tayari kashawekewa mikono kuwa mhubiri wa Kibaptisti, ndio maana wakampa jina la Waziri wa Ulinzi, kwa Kiingereza neno la mchungaji na la waziri ni hilo hilo moja, minister. Futi 6 na inchi 5, kilo kama 136 hivi. Kazi yake ilikuwa kumfikia kwotabeki na kumwangusha kabla hajatupa mpira, wenyewe wanaita saki. Akiwa Philadelphia Eagles, kuanzia 1985 mpaka 1992, alipata saki 124 kwenye mechi 121. Yaani zaidi ya moja kila mechi kwa miaka 8! Mwaka 1987 wachezaji waligoma kwa hiyo akacheza mechi 12 tu, na bado akapata 21.

Mzee mmoja tunayefanya naye kazi, umri wa baba yangu, alinionyesha kantini ile staili yake. Kaniambia simama hapo nizuie, nikakaza miguu. Akaja kama anataka kunipita kwa nje, na mimi nikahamia huko huko kumzibia, palepale mkono wake wa ndani ukaniingia chini ya kwapa ukaninyanyua, nikajikuta nimeshikilia meza yeye kashapita. Hakutumia hata nguvu, alisubiri tu uzito wangu uhame. Sasa huyo ni mzee mwenye magoti mabovu, jamani fikirieni waliofanyiwa na White mwenyewe, watu wazima wa kilo 140 wanarushwa pembeni kama mlango umepigwa teke.

Lakini kinachonifanya niandike zaidi ni la 1993. Zamani huku mchezaji hata mkataba ukiisha klabu ilikuwa bado imemshikilia, kuhama kwa hiari yako ilikuwa shida kweli kweli. Wachezaji wakaenda mahakamani na jina lililotangulia kwenye ile kesi dhidi ya NFL, ligi yenyewe ya mpira huu, ni la White, wakakubaliana na ligi na mlango ukafunguka. Akawa huru, timu kubwa zikamgombania, yeye akachagua Green Bay Packers, timu ya mji huu, dola milioni 17 kwa miaka 4. Watu walishangaa, maana mji wenyewe mdogo, watu kama laki moja hivi, weusi wa kuhesabu, na wachezaji weusi wengi walikuwa wanaukwepa. Baridi yake naijua, mwaka wa kwanza nilidhani masikio yangu yamekatika. Alipokuja yeye, mweusi mwenzao, wengine nao wakaona kumbe panakalika.

Packers hawakuwa wamechukua ubingwa tangu msimu wa 1967. Januari 1997, New Orleans, fainali ya Super Bowl dhidi ya New England Patriots, wapinzani walikuwa wameanza kusogea, Desmond Howard wa Packers akakimbia na mpira uwanja mzima akafunga, halafu kabla Patriots hawajakaa sawa White akamwangusha kwotabeki wao Drew Bledsoe mara mbili mfululizo, baadaye akaongeza ya tatu. Packers wakashinda 35 kwa 21. Tuzo ya mchezaji bora alipewa Howard, sawa alistahili, lakini mlioandika juu ya mechi ile kwenye makala yenu mmemtaja Howard na kwotabeki wa Packers, Brett Favre, basi, zile saki tatu hamkuziona?

Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 1998 alihutubia bunge la jimbo hapa Wisconsin akajumlisha watu kwa rangi na asili zao, na mashoga akawasema vibaya, watu wakaumia na mimi pia naona alikosea. Mwaka huo huo uwanjani akawa beki bora wa ligi kwa mara ya pili, umri miaka 37. Alimalizia na Carolina Panthers mwaka 2000 akiwa na saki 198, rekodi ya wakati ule. Akafariki Desemba 26, 2004, miaka 43 tu, moyo, alikuwa na ugonjwa wa sarkoidosisi na tatizo la pumzi kukatika usingizini.

Ombi langu Mhariri, makala hiyo mkiifanyia sehemu ya pili mwekeni, na picha iwe ile ya New Orleans anazunguka uwanja anakimbia na kombe mkononi, jezi namba 92.

Msomaji wenu,
Green Bay, Wisconsin