Mume kumfuata mke masomoni si aibu, ila hesabuni vichwa

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu wa Lindi mjini aliandika kwamba mwanamke akipata ufadhili wa kusoma Ulaya amwache mume nyumbani, kwa kuwa "mume si mkoba wa kubebwa". Mimi ndiye huo mkoba. Nilibebwa kutoka Newala hadi Glasgow, Uskoti, Januari 2023, nikarudi mzima. Naomba nafasi nimjibu.

Mke wangu ni muuguzi anayefundisha wauguzi wenzake. Alipata ufadhili wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, akaondoka Septemba 2022. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho, na nina mikorosho yangu themanini na kitu. Nilipotangaza kijiweni kwamba namfuata, waliniuliza kama nimeolewa. Nikawakumbusha kwamba babu yangu alipooa alihamia kwao bibi, akalima shamba la wakwe misimu mitatu kabla hajapewa la kwake, wala hakuna aliyemcheka. Kwetu Wamakonde kumfuata mke hakukuja na ndege. Kilichokuja na ndege ni jina tu: kwa sheria za viza za Waingereza niliitwa "mtegemezi". Mtu mwenye mikorosho themanini!

Basi tuache utani. Kuna jambo ambalo ndugu yangu wa Lindi hakuligusa, na ndilo linalouma kuliko aibu za kijiweni.

Barua ya ufadhili ya mke wangu ilikuwa na kurasa nne. Ada, nauli, posho, vyote vyake yeye. Familia ilitajwa kwa mstari mmoja: hatugharamii. Waingereza nao walitaka kila mtegemezi anayekwenda nje ya London awe na pauni 680 za kujikimu kwa mwezi, kwa miezi 9, na fedha hiyo iwe imelala benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Yaani pauni 6,120 kwa kichwa kimoja. Kwa bei ya wakati ule ni kama shilingi milioni 17. Ongeza ada ya viza, pauni 363 kila mtu, na ada ya matibabu, pauni 470 kwa mwaka kila mtu. Mtoto hapunguziwi. Bado pasipoti, shilingi 150,000 kila mmoja, na safari mbili za Dar es Salaam, moja ya kipimo cha kifua kikuu na nyingine ya alama za vidole. Anayetoka Newala anajua maana ya safari mbili za Dar: Masasi, Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa, na mtoto anatapika njia nzima.

Tuliuza kiwanja cha Masasi. Mke wangu alikuwa amechukua mkopo wa mtumishi kabla hajaondoka. Nikasubiri malipo ya korosho, maana kuuza kwa kangomba, wale walanguzi wanaonunua kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, Septemba kisa nina haraka, hapana, nimepima korosho za wenzangu miaka mingi nikiona wanavyopunjwa. Malipo yalipoingia Novemba, nikakaa na kalamu usiku kucha. Hesabu ilitosha vichwa viwili. Sisi tulikuwa watatu: mimi, binti wa miaka 6, na kaka yake aliyekuwa anamaliza darasa la sita.

Tulimwacha kijana. Kwa watu tulisema ni kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Ukweli ni milioni 17.

Huko Glasgow sikukaa bure kama ndugu wa Lindi anavyodhani. Ukifika Januari, jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama. Nilimkuta mke wangu amekonda, miezi minne anakula mkate na chai kwa sababu akitoka maktaba hana nguvu ya kupika. Sheria ilimruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Mimi mtegemezi niliruhusiwa muda wote. Nikapata kazi ya usiku ya kufua mashuka ya hoteli, pauni 9.50 kwa saa, na Aprili kima cha chini kilipopanda ikawa 10.42. Asubuhi nampeleka binti shule, nalala, naamka kusonga ugali. Shule hatukulipa, na chakula cha mchana kwa watoto wa madarasa matano ya mwanzo kilikuwa bure. Hata basi alipanda bure kwa kadi, kwa kuwa Uskoti tangu Januari 2022 walio chini ya miaka 22 hawalipi nauli ya basi. Mke wangu aliandika tasnifu yake mezani huku sisi wawili tukinong'ona jikoni. Naye atawaambia kwamba bila sisi angerudi Februari.

Kwa hiyo kwenda sijutii. Ninachojutia ni kugawa watoto.

Kijana alikaa na bibi yake mzaa mama. Simu ya bibi ilishika mtandao vizuri chini ya mkorosho mmoja tu, na mimi nikitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, Newala imeshafika saa mbili au saa tatu, yuko darasani. Ikabaki Jumapili. Likizo ya Juni, mjomba wake akapiga simu kusema wavulana wa rika lake wanaingia likumbi, yaani jandoni, naye amekwisha kumwandikisha. Hakuwa anaomba ruhusa. Kwetu mjomba ana haki hiyo, na kusema kweli umri wake ulikuwa umefika. Nilituma fedha za nguo na za ngoma. Siku walipotoka nilikuwa chumba cha kufulia, natazama picha zinazokatikakatika: vumbi, kitenge, kichwa kilichonyolewa ambacho sikuwa na hakika ni cha mwanangu. Msimamizi akanigusa bega, mashine imemaliza.

Tulirudi Oktoba 2023, mtihani wake umekwisha. Alinipokea begi kituoni, "Shikamoo baba", kwa adabu zote za likumbi. Usiku akamuuliza dada yake, si mimi, kama tutakaa mpaka lini.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Masasi alikuja kwangu kuulizia. Amepata nafasi ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja, masomo ya darasani, analipiwa nusu na mfuko wa watu binafsi. Wakala wa Dar amemwambia mume na watoto watatu watapata viza "kama kawaida", na anadai malipo ya awali kwa wote. Kawaida hiyo imekufa. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Uingereza inaruhusu wategemezi kwa wanafunzi wa shahada za utafiti, kama uzamivu, na kwa wanaosomeshwa kwa fedha za serikali, basi. Uzamili wa darasani kama wa mke wangu, leo mimi ningebaki na mizani yangu. Hata ada ya matibabu sasa ni pauni 776 kwa mwaka.

Mwalimu alitaja na Marekani. Huko mume wa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaweza kumfuata, watoto wakasoma, lakini yeye haruhusiwi kufanya kazi hata ya kufua mashuka. Nilimwambia amuulize mumewe, fundi magari, atakaa vipi miaka miwili mikono mifukoni.

Na nilimwambia hili, ambalo ndugu wa Lindi anaweza kunicheka nalo akipenda: hesabu ikigoma kwa mtoto mmoja, wasiende hata wawili. Baba abaki na wote, mama aende na arudi. Ningekuwa na akili hii Novemba ile, kiwanja cha Masasi kingekuwepo.

Mwalimu atarudi Jumamosi na mumewe tukae na kalamu. Nimemwagiza aje na barua yenyewe ya ufadhili, kurasa zote, si ile ya kwanza aliyoipiga picha kwenye simu.

Mtegemezi mstaafu,
Newala, Mtwara